Pombe Njema Huanza Kwenye Punje



Ukurasa huu kwa kawaida huzungumza juu ya mishahara, likizo na masaa ya ziada. Leo tunazungumza juu ya pombe. Najua wapo wenzetu watakaosema kwamba mratibu wao amepotea njia. Nawaomba wavumilie mpaka mwisho. Na wale ambao dini yao haiwaruhusu kuonja, wasome tu ile sehemu ya mahindi yenye ukungu na ile ya mapipa, kwa maana hayo yanamhusu hata anayekula ugali na kunywa maji peke yake.

Hapa kwetu mpakani, kutoka Tororo na Osukuru hadi Malaba, Amukura, Nambale na Busia zote mbili, pombe ya nafaka ni jambo la zamani kuliko mpaka wenyewe. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza ilihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa upande wa Kenya, na Wateso wakajikuta wamegawanywa na mstari. Lakini ajon ikabaki ile ile pande zote mbili. Waganda huiita malwa, Wajopadhola wana kong'o yao, na Waluhya wana busaa. Majina ni mengi, na namna za kupika zatofautiana, lakini msingi ni mmoja: wimbi lililooteshwa, unga uliochachuka na kukaangwa, maji, na subira.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya mfanyakazi anayepika kwa kupenda, ndoo moja au mbili, ya kunywa na majirani siku ya mapumziko. Wengi wetu tumeanza hivyo. Mshahara hauruhusu chupa ya dukani kila Jumamosi, na tena mikono iliyozoea kazi haipendi kukaa bure. Lakini naona kwamba wengi wetu wanaume tumeingia katika kazi hii kwa pupa. Kazi hii ni ya mama zetu. Wao ndio waliolea ujuzi huu, na kwa ujuzi huu wamesomesha watoto wengi, pamoja na baadhi ya hao wanaowakamata leo. Mwanamume akitaka kujifunza, akae karibu na mama mkwe wake au shangazi yake, anyamaze, atazame mikono yake.

Ukitazama vizuri utaona kwamba mama hapotezi muda mwingi kwenye chungu. Muda wake mwingi uko kwenye nafaka. Hapo ndipo sisi tunapokosea. Mtu huuliza, "Nitie sukari ngapi? Niongeze hamira?" Huyo amekwisha kuchelewa. Pombe yake iliharibika juma moja lililopita, alipolowesha wimbi lisilofaa.

KUCHAGUA WIMBI

Wimbi ndilo mama wa pombe hii, kwa sababu kimea cha wimbi kina nguvu kubwa ya kugeuza wanga kuwa sukari. Punje inapoota, hutengeneza vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga wake ili mche mchanga upate chakula. Sisi tunaukatiza mche huo safari, tunakausha punje, tunasaga, na nguvu ile ile tunaitia kwenye unga wa mahindi au wa wimbi. Sukari ikipatikana, chachu inakuja kuigeuza kuwa kileo. Bila kimea kizuri hakuna sukari, na bila sukari chachu haina kazi.

Kwa hiyo usinunue wimbi kwa macho tu. Chukua kiganja kimoja, hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa chenye maji, ukae nazo siku 3. Fungua, hesabu zilizoota. Zikiwa 90 au zaidi, rudi sokoni ununue gorogoro zako. Zikiwa 60, mwachie mwenyewe. Zile punje 40 zisizoota hazikai kimya: hulala pale kwenye unyevu zikioza, na ukungu wake huwapata wenzake.

Jambo lingine ambalo halina mzaha: usioteshe mbegu ya kupanda iliyopakwa dawa. Mbegu hiyo ina rangi nyekundu, ya kijani au ya buluu, na rangi hiyo ipo kukuonya. Nimesikia watu wakisema wataiosha. Dawa ile iliwekwa kuua wadudu na ukungu ndani ya udongo wenye maji. Hutaiondoa kwa ndoo moja ya maji ya kisima.

Wanaotumia mtama nao wana la kujua. Chipukizi la mtama lina sumu ya jamii ya sayanidi, ndiyo maana mbuzi akila mtama mchanga huweza kufa shambani. Ukiotesha mtama, kausha sana, kisha sugua na kupepeta mpaka mizizi na vichipukizi vyote vitoke kabla ya kusaga. Kwa wimbi shida hiyo hatuna, na hii ni sababu nyingine ya mimi kupenda wimbi.

KUOTESHA

Pepeta kwanza, toa mawe na makapi, osha mpaka maji yawe maangavu. Lowesha kwa masaa 24, ukibadilisha maji mara 2 au 3. Wengi hulowesha na kwenda zamu, wakirudi maji yananuka. Punje inapumua kama mtu. Ikikaa katika maji mabovu hufa. Mwombe mtoto au jirani akubadilishie maji mchana.

Baada ya hapo chuja, umwage punje katika gunia safi la katani au juu ya majani ya mgomba, zisiwe nene kupita upana wa vidole vinne, ufunike. Asubuhi na jioni nyunyiza maji kidogo na kugeuza kwa mkono. Ingiza mkono katikati ya rundo: likiwa na joto kama mgonjwa wa homa, litandaze zaidi. Joto likizidi, kimea hudhoofika na harufu mbaya huanza. Siku ya 2 au ya 3 utaona vimizizi vyeupe vimeshikana kama nyuzi. Hapo simamisha. Ukingoja mpaka jani la kijani litoke, mche umekula sukari yako yote, na wewe umebaki na maganda.

Kausha juani, juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Usikaushe kimea juu ya moto. Hili nalisisitiza kwa sababu majira ya mvua watu huwa na haraka, wakakitia kwenye karai jikoni. Moto huua nguvu ile tuliyoitafuta siku zote hizi. Kimea kilichoungua kitatoa rangi nzuri, lakini unga wako utabaki uji. Kikikauka vizuri punje hukatika kwa jino na kutoa mlio. Harufu yake ni tamu, kama ya biskuti. Ikiwa na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, au ukiona vumbi la kijani au jeusi, mwaga. Usimpe kuku, usimpe nguruwe.

Saga kiasi utakachotumia tu, na usisage laini kama unga wa uji. Mwambie mwenye posho mili asage nusu nusu. Kimea cha punje hukaa miezi ikiwa kikavu. Kikisagwa huanza kupoteza nguvu na kuvuta unyevu.

MAHINDI YALIYOOZA SI "MAHINDI YA POMBE"

Hapa ndipo nilipotaka kufika, ndugu zangu. Sokoni kwetu yapo mahindi ya bei mbili. Yale mazuri ni ya ugali. Yale yaliyobadilika rangi, yaliyolowa kwenye lori au kulala chini ghalani, huitwa mahindi ya pombe au ya mifugo, na bei yake ni ya chini. Mtu hununua akiamini kwamba kuchachua na kukaanga kutasafisha kila kitu. Hapana.

Ukungu wa aina fulani katika mahindi na karanga hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Hushambulia ini. Ukila nyingi kwa mara moja, macho huwa ya manjano, tumbo huvimba, na unaweza kufa ndani ya siku chache. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, yaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa homa ya ini ya aina ya B. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 kati yao wakafa. Hawakuwa walevi. Walikuwa wakulima waliokula chakula cha shambani mwao.

Sumu hii haiogopi sufuria. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga kwaweza kupunguza sehemu, na kuchachua vile vile, lakini inayobaki huingia ndani ya pombe, na pombe yenyewe ni mzigo mwingine juu ya ini lile lile. Fikiri basi: mtu anakunywa sumu ya ini ndani ya kinywaji kinacholichosha ini, kila Jumamosi kwa miaka 20, halafu tunasema karogwa.

Sisi wa mpakani tunalijua jambo hili kwa upande mwingine pia. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, na malori yakapanga mstari hapa Busia na Malaba. Baada ya siku chache amri ililegezwa: mwenye mahindi aandikishwe, aje na cheti kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Wapakuzi wetu walikosa kazi siku hizo na walilalamika, nao walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kipimo chenyewe si cha bure. Tujiulize, gunia likikataliwa pale mpakani huenda wapi? Mara nyingi mwenye mali hataki hasara, na sisi wenye mifuko mitupu ndio wateja wake.

Hatuna mashine ya kupima sumu nyumbani, lakini twaweza kupima unyevu, na unyevu ndio baba wa ukungu. Kipimo halali cha mahindi katika Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi 13.5 kwa mia. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi cha robo, ongeza mahindi kiasi hicho hicho, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Isiposhika, yako salama kuwekwa ghalani. Kipimo hiki hakikuambii kama sumu imekwisha kuingia zamani, kwa hiyo macho na pua bado vinahitajika: toa kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au ya kijivu. Ni kazi ya jioni moja kwa watu wawili wakiongea.

Makampuni makubwa yamelielewa hili. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Jinja ilianza kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama uitwao Epuripur, uliozalishwa na watafiti wa Serere, pale pale Teso. Mwaka 2004 Kenya nayo ikapata Senator, ambayo baadaye ikawa ya mtama. Yaani tajiri amekuja kujifunza kwa nafaka yetu. Lakini yeye hapokei gunia lenye unyevu au ukungu. Basi na tumbo lako ulifanyie hesabu hiyo hiyo.

MKARANGO NA CHUNGU

Kwa ndoo ya lita 20 mimi hutumia kilo 4 za unga wa mahindi au wa wimbi, na kilo 1 ya kimea. Wengine hupunguza kimea ili kuokoa fedha, kisha huongeza sukari. Hiyo inalevya, lakini haina mwili wala ladha, na kesho yake kichwa kinagonga.

Kanda unga na maji mpaka uwe kama udongo wa matofali, uufunike katika chombo safi kwa siku 2 au 3. Wapika ajon wa unga wa wimbi huufukia hata juma zima. Ukitoka na harufu kali safi, kama ya maziwa lala, umekuwa tayari. Kaanga juu ya bati nene ukigeuza bila kupumzika, mpaka uwe rangi ya karanga zilizokaangwa. Kukaanga kunafanya kazi tatu: kunasimamisha ukali, kunaivisha wanga ili kimea kiweze kuuvunja, na kunatoa rangi na harufu. Ukiungua mweusi, uchungu wake hautoki. Mkarango uliokauka juani hukaa wiki nyingi, kwa hiyo unaweza kukaanga siku ya mapumziko na kupika mwisho wa mwezi.

Siku ya kupika, chemsha maji kabisa, mpaka yatokote, kisha yaache yapoe. Tia mkarango. Ingiza kidole: kama huwezi kukiacha ndani huku ukihesabu polepole mpaka 10, maji bado ni moto mno kwa kimea. Ngoja. Nimeona pombe nyingi zikifa hapa kuliko mahali pengine popote, na wenyewe husema ni jicho la jirani. Si jicho la jirani.

Tia kimea, koroga, funika kwa kitambaa safi na kifuniko kisichokazwa, kwa maana hewa ya kuchacha lazima itoke. Weka kivulini, mahali pasipo na joto jingi. Baada ya masaa 12 hivi utasikia inaongea. Siku ya 2 au ya 3 inakuwa tamu-kali na nzito. Siku ya 4 au ya 5 ukali unazidi, na kama chungu kimekuwa wazi, siki inaanza. Miezi ya baridi kama Julai ongeza siku moja. Miezi ya joto kama Februari punguza.

Mtu akitaka pombe yake ijayo iwe kama ile iliyofaulu, asitegemee bahati. Achote kikombe kimoja kutoka chungu kilichofaulu, akitie katika kile kinachofuata pamoja na kimea. Chachu njema huzaa chachu njema. Na awe na daftari. Nashangaa kwamba sisi ambao kiwandani huandika kila gunia na kila zamu, nyumbani hatuandiki neno. Andika tarehe, wimbi lilitoka soko gani, siku za kuotesha, kilo, hali ya hewa, na majirani walisema nini. Halafu badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha kimea, maji na siku kwa pamoja, pombe ikawa nzuri, hutajua ni nani aliyeifanya nzuri.

MAPIPA YA KAZINI

Sasa nasema kama mratibu wa chama. Pipa lililoleta kemikali kiwandani, au jerikeni iliyokuwa na dawa ya magugu katika mashamba ya miwa, lisiingie nyumbani kwako. Si kwa pombe, si kwa maji, si kwa unga. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa pole pole, na pombe kwa ukali wake huitoa haraka kuliko maji. Wapo wanaouza vyombo hivyo langoni kwa bei ndogo kama msaada kwa wafanyakazi. Huo si msaada. Kazi ya mwajiri ni kuvitoboa na kuvitupa kwa utaratibu, na tawi lenu lina haki ya kuuliza jambo hilo katika mkutano wa kamati ya usalama.

Ndoo za bati lililopakwa zinki nazo hazifai: ukali wa pombe huyeyusha zinki, na watu hutapika. Pipa la chuma lenye kutu pia ni baya kwa muda mrefu. Huko Afrika ya Kusini madaktari waliona tangu zamani wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa katika vyombo vya chuma wakijaa chuma ndani ya ini. Chungu cha udongo kilichochomwa vizuri bado ni mfalme. Baada yake, ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Iwe na kazi moja tu.

Na mirija: kila mtu awe na wake. Uchemshe baada ya kunywa, uutundike ukauke, hasa kile kichujio cha mwisho ambacho hukamata machicha. Maji ya moto yanayoongezwa chunguni lazima yawe yamechemka kweli, kwa sababu kipindupindu hakijali kama maji yameitwa malwa. Kaeni nje au mahali penye hewa. Kifua kikuu hupitia pumzi katika chumba kilichofungwa.

SERIKALI, ZAMU NA VITU VIKALI

Pombe ya kuchachuka na pombe ya kukeneka si jambo moja. Ajon na busaa zilizopikwa kwa nafaka safi hazina ile sumu ya methanoli kwa kiasi cha kuua. Vifo tunavyovisikia vimetokana na watu kuchanganya methanoli ya viwandani katika vileo vikali ili kupata faida. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mwaka 2010 ikawa kusini magharibi mwa Uganda. Mei 2014 ikawa Embu na Kitui na kwingineko. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Wengine waliopona walibaki vipofu. Kwa hiyo mtu akikuletea chupa ndogo isiyo na jina, akisema tone moja litaipa busaa yako nguvu, mfukuze. Na ndugu anayefanya kazi penye spiriti ya viwandani, akiombwa atoe lita chache nje ya lango, ajue anaombwa atoe nini.

Upande wa Kenya, chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, iliifuta ile ya zamani na kutaka leseni, na leseni sasa ni kazi ya kaunti. Upande wa Uganda kuuza pombe ya kienyeji nako kuna leseni yake. Makala hii si ruhusa kwa mtu yeyote. Kabla hujaweka chungu, uliza kwa chifu, kwa mwenyekiti wa LC au kwenye ofisi ya leseni hapo ulipo, na usiuze hata kikombe kimoja bila karatasi.

Kuhusu zamu sitasema mengi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44(4)(b), yamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mfanyakazi ambaye saa za kazi amelewa hata hawezi kufanya kazi yake sawasawa. Nimekaa katika mikutano mingi ya kutetea wenzetu, na kesi hii ni ngumu kuliko zote, kwa sababu mashahidi ni wengi na harufu haina wakili. Kama zamu yako ni saa 12 asubuhi, chungu kifungwe mapema jioni. Mashine ya kusagia miwa haijui kama ulikunywa ajon safi au chafu.

MACHICHA

Ukimaliza, chungu kina machicha. Usiyamwage mtaroni, maana yananuka na kuleta nzi, na jirani aliyekuwa rafiki anakuwa adui. Nguruwe na kuku huyapenda, lakini yana kileo ndani; wape kidogo, yakiwa mabichi ya siku ile ile, pamoja na chakula chao cha kawaida. Kilo chache zinazobaki zitandaze juu ya lile turubai la kimea, jua la siku mbili linatosha. Yakikauka kabisa, yatie katika gunia safi na uliweke juu ya mbao, mbali na ukuta.